MGENI WA UMEME TUMPE JEMBE



Leo twasema habari ya umeme, kwani umeme ni mali ya wananchi kama yalivyo maji na ardhi.

Ulimwenguni yanajengwa majumba makubwa yaitwayo vituo vya data. Ndani yake zimepangwa kompyuta maelfu kwa maelfu, zikifanya kazi usiku na mchana. Hutoa joto jingi, na kuzipoza nako kwataka umeme.

Tutazame Ireland, iliyoyafungulia mlango. Mwaka 2015 majumba hayo yalitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi. Mwaka 2023 yalifika asilimia 21, yakazipita nyumba zote za mijini, zilizotumia asilimia 18. Mwaka 2021 wasimamizi wa umeme waliamuru kila mwombaji mpya apimwe kwanza: anajenga wapi, na je, aweza kujizalishia umeme? Amri njema, lakini wageni walikwisha jaa sebuleni.

Huko Virginia, Marekani, mwezi wa Julai 2024, hitilafu ya waya ilifanya vituo 60 vijitoe katika gridi kwa mara moja. Megawati 1,500 zikakosa mtumiaji ghafula. Na umeme ukizidi, ndugu zetu, ni hatari kama ukipungua.

Sasa turudi kwetu Kenya. Mei 2024 makampuni ya Microsoft na G42 yalitangaza kituo huko Olkaria, penye mvuke wa ardhini: kwanza megawati 100, baadaye hata 1,000. Nayo nchi nzima, mwaka 2025, saa ya matumizi makubwa kabisa, haikufika megawati 2,500. Fanyeni hesabu wenyewe.

Hatusemi mgeni afukuzwe. Vijana wetu wataka kazi na maarifa. Lakini wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi twadai mambo matatu. Kwanza, alete umeme mpya, asichote uliopo. Pili, gharama za waya na mitambo yake azilipe yeye, zisiingizwe katika bili ya mama muuza samaki. Tatu, mkataba usomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi.

Kila tawi limwulize mbunge wake mambo hayo matatu sasa. Kuna vijiji vinavyopitiwa na nguzo za umeme juu ya mapaa, na ndani watoto wasoma kwa koroboi. Hao ndio wenye nyumba, wahudumiwe kwanza.