HOTUBA YA MWENYEKITI: KINARA CHETU CHA KWANZA

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi niliyeishia darasa la saba nitasema juu ya kitu kimoja tu, hiki kilichowekwa mezani: kinara cha mshumaa, urefu wake inchi 6, cha mti wa mwembe. Ndiyo kazi ya kwanza ya mashine yetu mpya ya kukereza.

Mnajua mashine hiyo ilivyopatikana. Mwaka huu hakuna aliyepata mgao. Wapo waliokuwa wameutegemea kwa ada ya mtoto, na wapo waliogombana nyumbani. Maneno yamesemwa mpaka kisimani, eti kukereza ni kazi ya wanaume, eti tumenunua chuma cha kutazama. Basi ni haki ya mwanachama kujua pesa yake inafanya nini.

Kukereza si jambo geni Pwani. Miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Unguja ilikerezwa, na fundi aliuzungusha mti kwa kamba ya upinde. Ila si sawa na kuchonga kwa ndugu zetu Wamakonde. Kwa mchongaji, mti umetulia na patasi inatembea. Kwa mkereza, mti ndio unaozunguka, patasi imeegemezwa.

Kinara hiki tulikifanya hivi. Tulichukua kipande kikavu, tukapima katikati yake kila upande, tukakibana. Kabla ya kuwasha umeme unakizungusha kwa mkono, uone hakigusi popote. Halafu mwendo wa polepole, kwa bobari, mpaka pembe zote ziishe kiwe mviringo. Ndipo patasi nyembamba ikatia shingo na pete. Mwisho msasa, na nta ya nyuki kidogo. Nta tunapaka kwa karatasi laini, si kwa kitambaa, maana kitambaa kikinaswa kinavuta na vidole.

Kwa sababu hiyo hiyo, jamani, kanga haiingii mle ndani. Kanga, mtandio, bangili na mkufu vinabaki mlangoni. Nywele zifungwe, macho yavae miwani ya kazi, pua ifunikwe kwa ajili ya vumbi. Hapo hakuna cha mwenyekiti wala mjumbe, sote ni sawa.

Mmeniuliza, mbona mwembe na si mpingo? Mpingo ni mzito hata unazama majini, na Ulaya wanatengenezea zumari zao ziitwazo klarineti. Lakini unakua polepole, miongo kwa miongo. Mti wa namna hiyo si wa kujifunzia. Mwembe uliochoka kuzaa tunaupata kwa jirani, na patasi inaupenda.

Ndugu zangu, cherehani inaunganisha, ukikosea unafumua. Mashine hii inapunguza tu. Ukishakata, hakuna kurudisha. Kwa hiyo anayekereza hutoa kidogo, akasimamisha, akatazama, akatoa tena. Mgao wetu nao ni hivyo hivyo: tukiutoa wote kila mwaka, hatubaki na kitu cha kushika mkononi.

Nawaombeni mawili. La kwanza, wapo wanaotaka mashine tuiuze turudishiane pesa. Naomba tusiiuze kabla kila mwanachama anayetaka hajaingia akajifunza. La pili, faida ya kwanza iende kwa wale waliokwama ada mwaka huu, ndipo tufikirie mengine.

Kinara hiki kikipita mkononi mwako, kiguse pale shingoni. Utasikia palipokwaruza kidogo. Hatukupaficha. Cha pili kitakuwa laini zaidi.