Kompyuta Kuukuu Ihudumie Printa ya Kikundi



Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta mbili tatu na printa moja tu. Katibu akitaka kuchapa kumbukumbu za mkutano, anabeba fleshi mpaka mezani kwa mweka hazina, anamwondoa kitini, na virusi vinaingia pamoja naye. Na pale pembeni kuna kompyuta kuukuu imefunikwa kitambaa! Nyingine ziliwekwa kando tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Tunasema msiiuze kwa bei ya vyuma. Printa ikiunganishwa nayo, ofisi nzima itatuma kazi kwa mtandao.

Kwanza chunguzeni printa. Ile inayoelewa lugha ya PostScript au PCL mara nyingi haisumbui. Zile za bei nafuu, zinazoitegemea kompyuta izifanyie kazi yote, ndizo zenye taabu. Tafuteni jina lake katika orodha ya OpenPrinting kabla ya kutoa hata shilingi.

Halafu, tafadhali sana, toeni nakala ya kila kitu kilicho ndani, mwiweke mahali pawili. Mfumo mpya utafuta diski yote, na daftari la mikopo likienda hivyo, huenda fundi asiweze kulirudisha.

Mfumo tunaoupendelea ni Debian, nao ni wa bure. Msiweke sehemu ya madirisha na picha. Bila hiyo, memori ya gigabaiti 1 yatosha. Lakini Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena diski ya kuiweka kwenye kompyuta za biti 32, basi mwulizeni fundi yenu ni ya biti ngapi. Fundi akiwa na mamlaka ya mfumo ataandika apt install cups, amtie msimamizi katika kundi la lpadmin, kisha aandike cupsctl --remote-admin --share-printers. Toka hapo, kompyuta nyingine yafungua anwani ya seva ikifuatwa na :631, na printa inaongezwa papo hapo. Kuna kisanduku cha kuishirikisha printa. Kitieni alama, maana wengi hukiruka. Ruta nayo iagizwe kuipa seva anwani ile ile kila siku, la sivyo kesho wengine wataitafuta wasiione.

Stima yetu mnaijua. Kwenye BIOS, kompyuta nyingi zina mahali pa kuamuru mashine ijiwashe stima ikirudi. Kama kuukuu yenu ni laptopu yenye betri nzima, mna bahati, haitazimika ghafla.

Msiifungue seva hii kwa intaneti. Septemba 2024 zilitangazwa kasoro katika programu za CUPS ambazo zingeweza kumpa mtu wa mbali nafasi ya kuendesha amri zake. Zilirekebishwa, ila marekebisho humfikia anayesasisha, kwa hiyo apt update na apt upgrade ziandikwe kila mwezi.

Na printa ikae wapi? Sisi twasema karibu na mweka hazina. Karatasi ya mkopo ikitoka chumba kingine, deni la mama fulani litasomwa na kila apitaye kabla yeye mwenyewe hajaiona. Neno la siri la msimamizi wajue watu wawili, na nakala yake ifungwe kwenye bahasha ndani ya sanduku la pesa.