Barieri: tulipe ao tukatae? Maneno kwa vijana wa Shabunda



Waliniomba nizungumuze juu ya maadili. Wengi wenu munanijua. Nilisoma ku Bukavu, nikamaliza iniversite, diploma iko ndani ya sanduku, na leo niko shomeri sawa vile wenzangu wengi hapa. Kwa hiyo sikukuja kama mwalimu. Nilikuja na swali moja lenye kutusumbua kila juma: mutu mwenye bunduki akifunga kamba katika njia na kusema toa franka 1.000 ndipo upite, tulipe ao tukatae?

Ku masomo walitufundisha njia mbili za kujibu. Ya kwanza ni ya Waingereza, Jeremy Bentham na nyuma yake John Stuart Mill. Bentham alitoa kitabu chake mwaka 1789. Anasema: angalia matokeo. Tendo jema ni lile linaloleta heri kubwa zaidi kwa watu na kupunguza mateso yao. Na katika hesabu hiyo mutoto wa mukubwa na mutoto wa muchimbaji wako na uzito mumoja. Ya pili ni ya Mujerumani Immanuel Kant, mwaka 1785. Yeye anasema usianze na faida, anza na wajibu. Jiulize kama ungependa kila mutu afanye hivyo unavyotaka kufanya. Na usimutumie mutu mwingine kama chombo tu, kama shoka ao panya ya mutego.

Sasa turudi ku barieri. Barabara yetu ya kwenda Bukavu kupitia Walungu, munajua hali yake. Chumvi, sabuni na dawa vinakuja na ndege ndogo, ao vinakuja mugongoni mwa watu, porini, na ndani ya pori ndimo kamba zinafungwa. Tuseme mama mwenye uchungu wa kuzaa amebebwa ku kipoyi na wanaume wane. Wanafika ku barieri. Nani hapa atawaambia wakatae kulipa juu ya kanuni? Bentham anasema walipe. Na mimi nasema walipe, tena bila haya.

Lakini kuna mwingine anayelipa. Mufanya biashara mwenye muzigo mukubwa, anayepita kila juma, anatoa pesa haraka na kutuambia: «Mimi naangalia faida, nikibishana napoteza siku.» Huyo anafikiri anahesabu kama Bentham. Hapana. Anahesabu mufuko wake tu. Bentham angemuuliza: na risasi zinazonunuliwa na ile pesa, umeziweka ku hesabu? Na kijiji kitakachokimbia mwezi ujao? Mutu anayesahau wengine katika hesabu yake hafuati njia ya faida ya watu. Ni choyo iliyovaa koti ya falsafa.

Na wakubwa nao wanahesabu hivyo hivyo. Mukumbuke 2010. Mwezi wa saba wa mwaka ule Marekani walipiga sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinadai makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Congo na inchi za jirani. Mwezi wa kenda, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ikadumu mpaka mwezi wa tatu 2011. Nia ilikuwa kuwanyima wenye silaha pesa. Ku karatasi ni hesabu nzuri: tuteseke kidogo leo, amani nyingi kesho. Lakini muchimbaji aliyekuwa analipa masomo ya watoto kwa kasiterite, nani alimuuliza? Ndege zenye kuleta chumvi zilikuwa zinarudi na kasiterite. Mawe yakikosa soko, chumvi nayo inapanda bei. Na wenye bunduki hawakurudisha bunduki. Wengi waliangalia dhahabu, ambayo inafichwa kirahisi ndani ya mufuko wa suruali.

Nyuma yake, 2014 na 2015, mashini za kuvuta dhahabu zikaingia ndani ya Ulindi. Shirika Global Witness liliandika juu ya mambo yale mwaka 2016, likasema vikundi vya silaha vilikuwa vinakula pesa kando ya muto. Hapa kwetu mabishano hayajaisha. Kuna wanaosema: pesa ilionekana, watu walipata kazi, watu walinunua mabati. Sitaki kuwacheka, kwa sababu bati ni bati, mvua ya Shabunda munaijua. Ila ninauliza: wale wanaokunywa maji ya muto kule chini, waliwekwa ku hesabu na nani?

Mutaniambia basi tumufuate Kant. Pole pole. Mwaka 1797 Kant aliandika kwamba hata muuaji akifika ku mulango kukuuliza rafiki yako amejificha wapi, hauna ruhusa ya kumudanganya. Asome maneno hayo mbele ya wamama wa hapa, waliosema «hakuna mutu ndani» na watoto wa jirani wako chini ya kitanda! Kant karibu maisha yake yote hakutoka katika muji wake wa Königsberg. Hakulala porini na mvua. Wajibu wa kusema kweli uko, lakini mwenye kukuja kuua hawezi kuudai.

Wazee wetu Warega walikuwa na njia nyingine tena. Katika Bwami, iliyokatazwa na utawala wa Wabeleji mwaka 1948, walifundisha kwa mezali na kwa sanamu ndogo ndogo za pembe na za miti. Sanamu moja, tabia moja: huyu ni mutu gani? Ningependa siku ingine muzee mumoja atufundishe yale, kuliko mimi.

Nawapa mufano wangu. Ofisi moja iliniomba dola 200 ya matabishi ili jina langu liingie ku liste. Nilipiga hesabu kweli. Kazi ile ingelisha nyumba yetu. Lakini kuna mutu mwingine aliyestahili, asiye na dola 200, na nafasi yangu ingekuwa shingo yake. Nilikataa. Musinipigie mikono: mimi sina mutoto. Rafiki yangu mwenye watoto watatu alilipa, na mimi sitamuzarau.

Hapo ndipo ninaona jibu la barieri. Wajibu wa kukataa hauna uzito mumoja ku mabega yote. Kumudai mama wa ku kipoyi aukatae uovu wa inchi nzima ni ukatili. Lakini kijana mwenye nguvu, asiye na mugonjwa wala muzigo, na mufanya biashara mwenye pesa, hao wakijificha nyuma ya yule mama na kusema «wote tunalipa», wanamutumia kama chombo. Wao ndio wanapaswa kuanza. Na wenye kusimama ku barieri kwa jina la Leta, hata wao: kifungu cha 28 cha Katiba yetu kinasema hakuna mutu anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kinyume cha sheria.

Simwambie mutu abishane peke yake na bunduki. Kifo chako porini hakitafungua kamba. Tunasema hivi: wafanya biashara wapite kwa kikundi, wadai risiti kila fasi, na wakinyimwa waseme wamenyimwa. Vijana wasio na muzigo waandike. Karatasi zikifika nyingi tutazipeleka ku biro ya Administrateta wa teritwari, mchana, tukiwa wengi, na tutazisoma kwa sauti.

Daftari iko pale ku meza. Uliyepita barieri juma hili andika fasi, siku, saa, na pesa waliyokuomba. Jina lako usiliandike.