KIWANJA CHA KAMBARAGE NA WATU WALIOSIMAMA JUANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Shinyanga)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kiwanja cha mpira cha Kambarage, na hasa juu ya mahali ambapo watazamaji walizoea kukaa na kusimama. Yamkini wako wanaoona kwamba jambo hili ni dogo, lisilostahili kusemwa katika mkutano wa watumishi wa serikali. Twaomba mtuvumilie, kwani jambo lenyewe latuhusu sisi makarani kuliko tunavyodhani.

Mtumishi wa serikali ni mtu wa uhamisho. Barua ikifika, hufunga mizigo yake, na mji aliouacha humsahau upesi. Sisi tulipoletwa Shinyanga, mwaka wa 2014, tulijua njia mbili tu, ya kwenda kazini na ya kurudi nyumbani. Kiwanja ndicho kilichotufundisha mji. Mwaka ule ule Stand United ilipanda Ligi Kuu. Jina lake lilitoka kwa watu wa stendi ya mabasi walioianzisha, nao washabiki wakaiita Chama la Wana. Siku ya mchezo, watu wa mji na wa vijijini walikutana mlangoni, mwenye baiskeli na mwenye gari, na vumbi lao likawa moja.

Lakini ndani ya kiwanja hawakukaa pamoja. Palikuwa na jukwaa kuu, lenye kivuli na viti, na tiketi yake ilikuwa ya bei kubwa. Kisha palikuwa na mzunguko, ambapo watu walisimama au kuchuchumaa juani. Sisi, kwa ajili ya shati lililopigwa pasi na cheo kidogo tulichokuwa nacho, tulikaa jukwaani. Ukweli ni kwamba tuliogopa mkubwa wetu asije akatuona tukipiga kelele pamoja na wapiga debe. Bao likifungwa, tulipiga makofi kwa adabu, kama watu waliosikiliza risala.

Hata ikawa Septemba ya mwaka 2016, Yanga walipokuja. Tulichelewa, tukakuta tiketi za jukwaani zimekwisha, tukaingia mzunguko shingo upande. Tulipokuwa tukitafuta mahali pa kusimama, tulisikia sauti ikitusalimu, "Mwadila!" Tukageuka, tukamwona tarishi wa ofisi yetu, mzee aliyekaribia umri wa kustaafu. Alikuwa ametandika gunia chini. Akasogea, akatupa nusu ya gunia lake.

Mzee yule tulimjua kwa mafaili na chai tu. Pale kiwanjani tulimkuta mtu mwingine. Vijana walimzunguka, wakamwuliza habari za michezo ya zamani, naye akajibu kila mmoja. Tulipomwuliza kwa nini watu wa mzunguko hawanyamazi hata kidogo, alicheka, akasema, "Mwanangu, wewe ni mgeni. Hukuona ngoma za Bagika na Bagalu?" Akatueleza kwamba Wasukuma tangu zamani wana vyama hivyo viwili, ambavyo kwa mapokeo vilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha. Vikishindana, huchezwa ngoma mbili kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda kule kunakowavuta. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. "Basi kwetu," akasema, "mtazamaji si mgeni wa mchezo. Yeye ndiye anayeamua."

Siku ile Pastory Athanas alifunga bao, na Stand United ikashinda kwa bao 1 kwa 0. Jinsi mzunguko ulivyolipuka hatuwezi kueleza. Mzee alitushika mkono, akaurusha juu pamoja na wa kwake. Mkono ule ulikuwa umetuletea mafaili kwa miaka miwili, nasi hatukuwahi kuushika.

Tangu siku ile hatukurudi jukwaani. Tulisimama na mzee juani, na kwa kinywa chake tulipata mambo ambayo hakuna faili linayoyaweka. Tulikwenda naye Mwadui, kama kilometa 30 hivi kutoka hapa, kwenye mgodi wa almasi ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940. Mwadui nao waliingia Ligi Kuu mwaka 2015, na watu wa Shinyanga wakawa na timu mbili za kugombania. Njia nzima mzee alisimulia, wala hatukuona urefu wake.

Wenzetu waliohamishiwa Geita nao wana yao. Timu ya Geita Gold ilipopanda mwaka 2021, baadhi ya michezo yake ya nyumbani ilichezwa Kirumba, Mwanza. Washabiki walitoka Geita kwa mabasi, wakavuka kwa kivuko kutoka Busisi hata Kigongo, ili waione timu yao "nyumbani". Katika msimu ule wa kwanza Geita ilishika nafasi ya 4, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na vijana watakaolipita kwa dakika chache hawatajua kwamba baba zao waliimba juu ya maji wakingoja kufika mpirani.

Ndugu wanachama, mambo hayo yalipita upesi. Stand United ilishuka daraja mwaka 2019, Mwadui mwaka 2021, Geita Gold mwaka 2024. Timu iliposhuka, sisi makarani tulikuwa wa kwanza kuacha kwenda. Mzee hakuacha. Jumatatu alitupa matokeo bila kuulizwa, nasi tuliitikia huku macho yetu yakiwa juu ya karatasi.

Sasa twataka kuungama jambo moja. Mzee alipostaafu, ofisi ilimfanyia chai ya kumuaga, nasi tukapewa kazi ya kuandika risala, kwa kuwa twasifiwa kwa kalamu. Tukafungua faili lake. Tulikuta tarehe ya kuajiriwa, likizo zake, na barua moja ya onyo kwa kuchelewa. Tukaandika hayo, tukaacha onyo, tukatia maneno ya uaminifu na utii ambayo huandikwa kwa kila mtu. Habari ya kiwanja hatukuitaja. Tuliona haya kusema mbele ya wakubwa kwamba tulikaa juu ya gunia la tarishi.

Alisikiliza risala yote, mikono juu ya magoti. Akasimama, akashukuru. Kisha, alipokuwa akitoka, alitukaribia, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, na siku ile ya Yanga umeisahau?"

Hatukuwa na jibu. Alirudi kijijini kwake, na swali lake tumebaki nalo.

Basi, Bwana Mwenyekiti, hotuba hii ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa. Saruji ya jukwaa haikumbuki kitu, na faili hukumbuka tulichokitia tu. Kama sisi tunaojua kuandika hatuandiki, waliosimama juani watakuwa kama hawakuwapo. Twaomba kila mwanachama aandike ukurasa mmoja juu ya kiwanja alichokijua, Kambarage, Mwadui, Nyankumbu au Kirumba. Aseme alisimama wapi, karibu na nani, na mtu yule alimwambia nini. Ampe Katibu, ili zipigwe chapa katika gazeti letu hili.

Ukurasa wa kwanza ni huu. Nakala moja tutaipeleka kijijini sisi wenyewe, tumsomee mzee mwenyewe kwa sauti, mbele ya watu wa nyumbani kwake.