KIBALI NI CHA TAJIRI, SI CHAKO!
Ndugu vijana wa Sirari, wewe unayevuka Isebania alfajiri na begi mgongoni, nisikilize. Najua una shangazi pande zote mbili. Wakuria hawakuchora mpaka huu. Lakini muhuri unaogongewa pale ni wa kutembea tu, usiozidi miezi 6. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 1, 2010 imekuruhusu kuajiriwa Kenya, ila kwa kibali, na kibali kimefungwa kwa mwajiri wako. Ukimtupia funguo leo kwa hasira, kesho huna karatasi. Analijua hilo! Ndiyo maana anakukata mshahara huku anacheka.

Waheshimiwa wanakwenda Arusha kwa posho, wanarudi kutuambia mpaka uko wazi. Wazi kwa nani? Hata Oman, tangu Januari 2021, aliyemaliza mkataba hahitaji tena barua ya tajiri wa zamani ili ahamie kwingine.

Basi usiache kazi kwa mdomo. Mpate kwanza mwajiri mwingine akuombee kibali kipya. Dai barua na malipo yako. Nenda Uhamiaji mwenyewe kabla hujafuatwa. Na pasipoti ikae mfukoni mwako, si kabatini kwa bosi.