Mlima Hupiga Hodi: Maneno ya Katibu kwa Wanaushirika



Tangu Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoteremka toka Mlima Hanang na kuua ndugu zetu zaidi ya 80 huko Katesh na Gendabi, kila kukinguruma tunasikia mnadani: "Volkano hiyo!" Basi tuelezane.

Kwanza. Ile haikuwa volkano. Wataalamu wa Serikali walipima, wakaeleza kwamba mwamba dhaifu ulinywa maji ya mvua, ukameguka. Hanang ni volkano ya zamani, ila siku ile haikutoa moto.

Pili. Volkano iliyo hai ni Oldoinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Julai 2007 ardhi ilitetemeka mpaka Nairobi wakasikia. Tarehe 4 Septemba mlima ukalipuka, ukamwaga majivu. Yaani ulipiga hodi kwanza.

Wataalamu wanaisikiaje hodi? Setilaiti hupita angani, ikapima ardhi kwa mawimbi ya rada. Baada ya siku kadhaa hurudi, ikapima tena palepale. Uji wa moto ukipanda chini kwa chini, mlima huvimba, na setilaiti huona hata sentimita chache. Lengai wenyewe ulivimba kidogo mwaka 2022.

Sisi wafugaji tunalijua jambo hili. Kiwele cha ng'ombe kikivimba, tunajua atazaa. Saa ya kuzaa hatuijui. Na mlima unaweza kuvimba usilipuke.

Tatu. Setilaiti haioni yote. Huko Kongo, Nyiragongo ulimwaga moto kuelekea Goma tarehe 22 Mei 2021, na dalili za wazi hazikuonekana kabla.

Kwa hiyo ndugu, hapa kwetu adui wa karibu ni maji. Nayo yana setilaiti zake zinazotazama mawingu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia redioni. Basi tufanye hivi:

1. Kila balozi asikilize utabiri, awaambie watu wake.
2. Mvua ikishika mfululizo, tusilale kandokando ya korongo. Watoto na wazee watangulie kuhama.
3. Mchungaji akiona ufa mlimani, au maji ya mto yamegeuka tope ghafla, akimbie kwa Mwenyekiti wa Kijiji. Asingoje kesho.
4. Tusitangaze volkano kwa kusikia tu.

Ajuaye kusoma amsomee jirani yake.

Katibu wa Chama, Getanuwas