Kongo: Chanzo cha Ajali za Majini Kiko Nchi Kavu

Tarehe 3 Oktoba, 2024, mashua ya abiria MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama katika ziwa Kivu, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwa imekaribia kabisa gati ya Kituku mjini Goma. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema kwamba ilichukua abiria 278, na kwamba waliokufa hawakupungua 78. Maofisa wengine walitaja idadi ndogo zaidi. Kuhitilafiana huko ni ushahidi tosha kwamba hapakuwa na orodha ya kuaminika ya watu waliopanda.

Kama ilivyo desturi, lawama ziliangukia shehena iliyopita kiasi, na nahodha. Kwamba chombo kilijaa mno, hapana ubishi. Linalopasa kuulizwa ni kwa nini umati huo ulikimbilia majini. Minova na Goma zimeunganishwa na barabara ipitayo Sake, ambayo wachuuzi waliitegemea kupeleka mazao sokoni. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mapigano baina ya jeshi la serikali na waasi wa M23 yaliikata. Goma, iliyokuwa imefurika wakimbizi wa vita, ilihitaji chakula kuliko wakati wowote, na njia iliyosalia ikawa ziwa. Mwenye mashua hakuwa na haja ya kunadi safari; abiria walimjia wenyewe.

Amri hazikukosekana. Baada ya ajali nyingine katika ziwa hilohilo mwezi wa Aprili, 2019, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Agizo jema, lakini jaketi lina bei, na mkaguzi wa bandarini naye ana watoto wa kulisha.

Magharibi ya nchi hapana vita vya M23, lakini msiba ni uleule. Mwezi wa Aprili, 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya mbao iliyosheheni mamia ya watu iliteketea kwa moto ulioanzia kwenye mapishi ya abiria, na zaidi ya watu 140 walikufa. Watu hupika chomboni kwa sababu safari za mito hiyo huchukua siku nyingi, na barabara ni chache mno.

Januari, 2025, Minova na Goma ziliangukia mikononi mwa M23. Sasa yeyote atakayetaka kuchunguza mkasa wa MV Merdi hana budi kwanza kuuliza majalada ya bandari ya Kituku yako kwa nani.